Darubini Chini ya Kitanda cha Filomena

Mke wangu Filomena kafariki mwaka huu, masika yalipokatika. Siku ya maziko walisoma wasifu wake. Kazaliwa karibu na Ndanda, kaolewa na Albano, kaja Dar es Salaam mwaka wa Uhuru, kazaa, kalima, kaugua, kafa. Haukuchukua muda. Watu wakainuka kwenda kumfukia.

Kuna jambo walilipita. Naliandika mwenyewe. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo sitarefusha.

Tulikaa bonde la mto Kizinga, upande wa Temeke, chini ya Mtoni. Siku hizo kule ni shamba. Juu minazi na mikorosho, chini mpunga, mbele mikoko mpaka baharini. Mie nilikuwa kuli bandarini. Mkulima ni yeye. Lile shamba la mpunga lilikuwa pori la matete, kalifyeka mwenyewe mpaka udongo mweusi ukatoka. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa bonde, na za wenzetu zikifuatana kando kando: Wamwera kama yeye, Wamakonde, Wazaramo, Wandengereko. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Jabiri, Mzaramo, mtu wa kofia na maneno makali.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa watu kuhamia vijijini. Mjini waliokutwa hawana kazi wala makazi walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa mbali kulima. Sie hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa na makazi, na kulima tunalima.

Masika yake mto ulipanda mpaka kwenye kuta. Udongo ukaanguka, nyumba zikabaki fito na makuti. Hatukukandika. Mvua ikiwapo hakuna anayekandika, unangoja kiangazi. Kwa asiyejua, nyumba zile zilikuwa kama madungu ya kulindia ndege.

Ndipo wakaja watu wa utafiti. Walitumwa kuipima mito ya pwani, na misitu yake, na watu wanaokaa humo. Mkubwa wao alikuwa Bwana Abdulsamad, kijana msomi wa jiografia, Mwarabu wa hapa hapa, baba yake ana duka la vitambaa mjini. Mtu mpole. Alitembea topeni suruali kaikunja, viatu kavishika mkononi. Alipima upana wa mto na kina chake, akachunguza mikoko ipi inaota wapi. Alikuwa na darubini ya kupimia, inasimama kwa miguu mitatu, na kila akitaka kuchungulia aliifuta kwanza kwa kitambaa cheupe. Aliyelibeba sanduku lake begani ni Kasiani, Mngoni wa Songea.

Siku hiyo nilikuwa sina zamu. Filomena alimwona Kasiani akishuka, akamsikia anavyosema. Mmwera na Mngoni ni watani toka vita vya mababu zao.

"Nani kamfungulia huyu?" akauliza. "Siku hizi Mngoni anatembea mchana bila kamba?"

Kasiani akalitua sanduku. "Shikamoo mke wangu mla panya."

"Marahaba mtumwa wangu. Umekuja kuiba mpunga?"

"Mpunga uko wapi? Mie naona nyasi." Akanigeukia. "Shemeji, huyu mahari yake ulitoa, au ulimwokota?"

Nikamwambia niliongezewa na kuku. Filomena akanitazama, tukacheka.

Bwana Abdulsamad hakuwa na mtani Mmwera wala Mngoni. Alikuwa kainama, jicho kwenye kioo, penseli mkononi. Akasema bila kuinua kichwa, "Kasiani, muulize mama. Wenyeji wa bonde hili ni kina nani, na wanakaa mwaka mzima?"

Kasiani akauliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Filomena akajishika kiuno.

"Mwambie hapa hakai mtu. Waliokuwapo Wangoni waliwala wakawamaliza. Sie ni vyura tu. Mto ukishuka tunafungasha, tunakwenda zetu."

"Vyura wenyewe wamekonda."

"Tumekonda kwa kuwalisha nyie."

Bwana Abdulsamad alirudia polepole, "Mto ukishuka wanaondoka." Akaandika. Kisha akaomba darubini isogezwe kwenye kichuguu cha karibu. Kasiani alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. Wakaenda.

Mpunga ukachanua, ukaanza kuinama. Siku moja ya Ijumaa Jabiri alirudi kutoka ofisi ya kata kofia kaishika mkononi. Hakubisha hodi.

"Mama Yustina," akasema, "ulimwambia nini yule Mngoni?"

"Mngoni gani, balozi?"

"Ramani imebandikwa ofisini. Watu wa kilimani wamechorwa, nyumba moja moja. Bonde letu limepakwa rangi ya pori. Nimeuliza, wananiambia wataalamu wameandika hapa hapana wakazi, wapo walinda ndege wa msimu, na mmoja wao kasema kwa kinywa chake. Mwanamke. Kwenye ile nyumba ya mwembamba anayefanya kazi bandarini."

Filomena aliacha kupepeta.

"Kwa hiyo sie sote ni wazururaji," Jabiri akasema. "Lori linakuja Jumatatu. Tunapelekwa ng'ambo ya Rufiji."

"Na mpunga?"

"Watakula ndege."

"Balozi, ule ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani. Wewe unajua, mie najua, yule Mngoni anajua. Ramani haijui. Nimewaambia pale ofisini, wakasema wao si wapima ardhi, aliyeichora ndiye aje aseme imekosea. Na yeye anaondoka na kambi yake kesho kutwa."

Habari ilishafika bondeni kabla yake. Jioni ile wanawake walipita mbele ya nyumba yetu bila salamu. Mmoja, Rosalia, waliyekuwa wanatwanga pamoja, alisema kwa nguvu ili asikike, "Mdomo wa mtu mmoja, tunabeba vyungu wote." Filomena aliweka ungo chini. Alikwenda kusimama mpungani. Kando ya mpunga ule, chini ya mkorosho, kulikuwa na makaburi ya bonde. Anselmo wetu alikuwa hapo, surua ilimchukua bado ananyonya. Mie sikumfuata. Niliona kwa mgongo wake kwamba hataki.

Jumamosi nilikwenda kazini. Hayo ya kambini sikuyaona. Kanisimulia Filomena, na Kasiani kanisimulia, kila mmoja anajisifu.

Filomena alikwenda peke yake, akawakuta mikokoni wanakunja mahema. Bwana Abdulsamad alikuwa mjini kutafuta gari. Kasiani alimwona, hakutania.

"Nimesikia," akasema. "Nimemwambia mkubwa jana. Kanijibu, kazi imeshakabidhiwa, mwenye malalamiko aende ofisini."

"Ofisini wanasema aje yeye."

"Atakujaje? Kesho tunahama."

"Ulikuwapo nikitania. Mbona hukumwambia palepale?"

"Nilikuwa nacheka, mama."

Filomena aliniambia hapo ndipo alipoliona sanduku. Lilikuwa limefungwa, limewekwa juu ya jani la mgomba lisishike matope. Akalinyanyua, akajitwika.

"Nimekushika, Mngoni," akasema. "Ukitaka chako, uje ukikomboe kwangu. Na yule mkubwa wako umlete. Bila yeye sitoi."

Wabebaji wengine waliruka. Mmoja alimshika kitenge. Kasiani akasema, "Mwache. Ni mtani wangu."

"Wewe una wazimu? Hiyo ni ya serikali."

"Nimesema mwache. Mtani akichukua, kachukua."

Filomena akapanda njia, hakugeuka. Kasiani akakaa chini pale kwenye jani la mgomba. Wenzake walimwambia atafungwa. Akawaambia anajua.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Nikainama kuvuta ndala zangu chini ya kitanda, mkono ukagusa mbao na chuma. Nikalivuta. Nikalitambua.

"Mama Yustina, hii imefikaje hapa?"

"Nimemshika Kasiani."

"Hii si ya Kasiani."

"Iliyokuwa begani kwake ni yake."

"Polisi wanajua hayo?"

"Kasiani anajua."

Nilimwambia nitairudisha mwenyewe. Nikalishika sanduku. Yeye alikuwa anachambua mboga, hakuinuka. Alisema, "Baba Yustina, ukiirudisha, atakuja nani?"

Nikalirudisha chini ya kitanda.

Jabiri alikuja na wazee wengine. Hawakukaa. Jabiri alisema, "Lori peke yake halikutosha? Sasa unatuletea na jela." Filomena alimwomba angoje mpaka Jumatatu. "Jumatatu ndiyo hiyo hiyo ya lori," Jabiri akasema. "Unangoja mpaka dakika ya mwisho." Akaniangalia mie, kama mume nitasema kitu. Nikawasindikiza mpaka njiani.

Jumapili ilikuwa mbaya. Kila nyumba watu wanafunga. Vyungu vinaingizwa kwenye matenga, kuku wanafungwa miguu, mikeka inakunjwa. Kila pikipiki ikinguruma barabarani mie nasimama. Hakuja mtu. Nikafikiri wamehama, wameona darubini ni hasara, wameondoka zao. Au wamekwenda kutafuta askari wengi. Yustina, binti yetu, aliuliza afunge nguo zake. Mama yake akamwambia nguo zinakaa vizuri zilipo. Akachukua kombeo, akaenda kuwinga ndege mpaka magharibi, kama mtu mwenye mavuno.

Jumatatu walikuja mapema. Nilisikia buti kabla sijawaona. Askari mmoja, mtu mrefu wa bara, sura haina mzaha. Bwana Abdulsamad nyuma yake, macho mekundu. Kasiani katikati, hana mkanda wala viatu.

"Nani Filomena?"

"Mie, afande. Karibuni."

"Darubini iko wapi?"

"Ipo. Haijaguswa."

"Ilete."

"Bado haijakombolewa."

Askari alimtazama kama hakusikia. Bwana Abdulsamad akasogea. "Mama, ile ni mali ya serikali. Ikipotea, mimi ndiye nitakayejibu. Tafadhali."

"Haipotei. Sijaiba, mwanangu. Nimemshika mtani wangu."

"Mimi sina utani na wewe."

"Najua. Ndiyo maana uliandika."



Askari alimgeukia Kasiani. "Wewe. Sema mara moja, na useme mbele yake. Aliiba au hakuiba? Akiwa kaiba, wewe unakwenda zako, tunamchukua yeye. Akiwa hakuiba, basi wewe ndiye uliyemkabidhi mali ya serikali, unajua mwenyewe kinachofuata."

Majirani walikuwa wamesogea na mizigo yao. Kasiani alitazama miguu yake. Alikuwa na mke Songea na watoto wadogo, baadaye ndio niliwajua. Filomena naye hakumsaidia. Hakumwangalia hata kwa jicho la kuomba.

"Hakuiba," Kasiani akasema. "Kanishika." Akaja akakaa kizingitini kwetu, mgongo kwenye fito, kama mateka. "Mkubwa, siku ile ya darubini alikuwa ananitania mie. Vyura, sijui kuliwa na Wangoni. Mie nilicheka, wewe ukaandika."

Bwana Abdulsamad alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa. Akaziangalia kuta za fito. "Hizi si madungu?"

"Ni nyumba," Filomena akasema. "Mto ulikula udongo. Njoo utembee nami mpaka mwisho wa bonde. Ukifika mwisho, nakupa sanduku lako."

Askari alisema yeye hakuja kutembea. Bwana Abdulsamad akamwomba, akamwomba tena. Wakashuka, nami nikafuata.

Filomena hakuhutubia. Alimwingiza kila nyumba, akamwonyesha mafiga yalivyozama kwenye ardhi, vizingiti vilivyolika kwa nyayo. Watu walifungua matenga ili aone vinu. Kwa Rosalia kulikuwa na mtoto mchanga. Bwana Abdulsamad alihesabu kwa midomo, akichora. Tulipofika chini ya mkorosho alisimama.

"Haya ya nani?"

"Ya kwetu," Filomena akasema. "Huyu mama yake balozi. Hawa wa mwaka wa ndui. Na huyu mdogo ni mwanangu mie."

Misalaba ilikuwa ya fito, na ya Waislamu imewekwa mawe kichwani na miguuni. Mtu hamziki mwanawe kwenye dungu la msimu. Hilo halikusemwa. Bwana Abdulsamad aliinua viganja, akasoma Fatiha, Jabiri akaitikia amina kwa sauti kavu. Askari alivua kofia.

Ndipo tukalisikia lori. Lilikuwa linashuka kwa gia ndogo, miti inakwaruza ubavuni. Wanawake wengine walianza kulia. Lilisimama penye nyumba yetu, injini haikuzimwa. Aliyeshuka alikuwa na shati la kijani na filimbi shingoni.

"Pakieni. Vyungu baadaye."

Bwana Abdulsamad alikwenda kwake mbio, matope mpaka magotini. "Ndugu, ramani unayofuata nimeichora mimi. Imekosea. Hawa ni wakazi."

"Mie sina ramani nyingine."

"Nitakupa."

Akatandaza karatasi kwenye boneti la lori, inatetemeka kwa injini, akachora. Mto, ukingo, nyumba, makaburi. Alikuwa anauliza, "Baada ya kwa balozi?" na Filomena anajibu, "Kwa Rosalia, halafu kisima." Mwenye filimbi alitazama saa. Mara mbili alisema basi. Jasho la Bwana Abdulsamad lilidondokea kwenye karatasi akalipangusa kwa kiganja. Akaweka sahihi, akaandika jina la ofisi yake, akampa.

Yule mtu aliisoma muda mrefu. Akatazama watu wote walivyosimama na kuku wao.

"Nitaipeleka kwa mkubwa wangu," akasema. "Akikataa narudi kesho, na kesho sitashusha mguu, mtapanda tu."

Lori likageuza kwa shida, likapanda. Hakuna aliyeshangilia. Kesho ilikuwa karibu.

Filomena akaingia ndani, akalivuta sanduku, akampa Bwana Abdulsamad mikononi. Askari akasema, "Yenu mmemaliza. Sasa yangu." Akamshika mkono.

"Afande, nimeipata," Bwana Abdulsamad akasema. "Haina mkwaruzo."

"Jana ulikuja mwenyewe kuandikisha wizi. Nenda kafute huko huko, kwa mkubwa wa kituo. Mie nawapeleka wawili."

Filomena aliomba kubadili kitenge, akakataliwa. Aliniambia, "Baba Yustina, ndege upande wa mto." Wakaondoka naye, yeye na Kasiani, njia ile ile.

Jioni nilipeleka ugali kituoni. Walinikatalia kumwona, chakula wakachukua. Nilikaa nje chini ya dirisha la mahabusu, kule juu kuna vitundu vya hewa. Sikujua kama wanampiga. Kisha nikasikia ukuta unagongwa.

"Mla panya. Umelala?" Sauti ya Kasiani.

Nikasimama.

"Nalalaje na harufu ya Mngoni?"

"Mumeo kaleta ugali, wamenipa mie wote."

"Kula. Mtumwa anatakiwa anenepe."

Askari wa zamu akapiga kelele wanyamaze. Wakanyamaza, halafu nikamsikia Filomena anacheka peke yake, ile ya puani. Nikakaa tena. Ile ya puani siisikii tena nyumbani. Ndiyo hivyo.

Jumanne lori halikurudi. Sikuwapo, nilikuwa kituoni, sikujua. Jumatano pia nilikuwa pale. Alhamisi Bwana Abdulsamad alifika na barua ya ofisini kwao, akaingia, akatoka kavimba mishipa ya shingo, akaingia tena. Mchana wakawatoa. Filomena midomo imekauka. Kasiani aliambiwa hapo hapo mlangoni kwamba kazi hana. Bwana Abdulsamad ndiye aliyemwambia, na hakuweza kumtazama. Alisema kapigania, wakubwa wamekataa. Kasiani akajibu, "Sawa mkubwa."

"Na bonde?" Filomena akauliza.

"Nilibandika ramani nyingine jana, mama. Imepigwa muhuri. Lakini nimeandika na mto pia, unavyopanda. Hilo sikuweza kuliacha."

"Andika. Mto ni kweli unapanda."

Tukarudi kwa miguu, watatu, maana Kasiani hakuwa na pa kwenda. Tuliposhuka bondeni nilitegemea kukuta shamba limekwisha. Siku nne hakuna wa kuwinga, na ndege wale wakishuka huacha mabua. Kwa mbali tukasikia makopo yanagongwa. Juu ya dungu letu alisimama Jabiri, balozi mzima, kofia kaigeuza, anazungusha kombeo vibaya. Chini Rosalia, mtoto mgongoni, anapiga debe. Wengine walikuwa kwenye kona zao. Walipokezana toka Jumatatu, Yustina akiwapangia zamu.

Jabiri akashuka kwenye dungu. "Pole, mama Yustina."

Filomena alipita katikati ya mpunga, anashika vichwa vya masuke, anaviachia. Akafika upande wa mto. Hapo palikuwa peupe, mabua matupu, kipande cha kutosha gunia.

"Huku mlilala," akasema.

Akanyoosha mkono, Jabiri akampa kombeo. Kasiani akauliza yeye afanye nini.

"Wewe piga debe, Mngoni. Ukilala, huli."

Kundi la ndege lilikuwa linarudi kutoka mikokoni. Filomena akaokota donge la udongo, akaliweka kwenye kombeo.